Upande wa Sentimita

"Hapa twaandika sentimita, mama," alisema Samuel, mhudumu wa chumba cha maiti, akisoma kadi. "Mia na sabini na nane."

Mejumaa alimtazama shemejiye, Chirau. Wote wawili walimjua Kombe, mumewe Mejumaa, kwa futi: tano na inchi sita. Maiti alikuwa ameopolewa majini karibu na Makupa, na uso wake hautazamiki. Kilichobaki cha kumtambulisha ni kimo.

Kombe alitoka nyumbani wiki tatu zilizopita, asirudi. Majirani wa Mji wa Kale walipomwona mkewe amenenepa kidogo, walisema mwanamke yule amejaaliwa subira. Hawakujua kuwa kila hodi ilimshtua hadi sindano ikamchoma kidole. Kutojua kulikuwa kunamla.

Fundi wa nguo hakosi utepe mkobani. Aliutandaza mezani kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haukunyooka vyema tangu mwaka jana. Miaka ishirini alishona kwa upande wa inchi. Leo aliugeuza.

"Kombe ni utepe mzima, futi tano, na inchi sita juu yake," alimwambia Chirau. Utepe mzima ulisoma mia na hamsini na mbili. Inchi sita, kumi na tano.

Mia na sitini na saba.

Alihesabu upya. Zilizidi sentimita kumi na moja, na maiti harefuki.

"Mulimpima sawasawa?"

"Mara mbili, mama."

"Mpimeni tena, mwanangu. Nakuomba."

Samuel aliingia ndani. Mejumaa alifumba macho akaomba dua moja, ile ile aliyoiomba kila alfajiri kwa wiki tatu.

Mlango ulifunguliwa. "Ni mia na sabini na nane, mama. Si yeye."

Chirau alijifuta machozi kwa kofia yake. "Alhamdulillahi. Ndugu yangu yu hai, shemeji. Atarudi."

"Atarudi," alisema Mejumaa.

Alikunja utepe polepole, akawaaga. Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia Makadara kutafuta fundi wa kumtilia mlango komeo la tatu, upande wa ndani, lisilofunguka kwa ufunguo wa Kombe, kabla ya magharibi.