Kiganja cha Jukwaani

Apolonia alifika stesheni fundi akimwaga saruji juu ya kiganja cha babu yake.

Babu alikuwa mbeba mawe wa reli. Siku jukwaa lilipomalizika aliubonyeza mkono wake kwenye saruji mbichi, akachapwa viboko kwa kuchafua kazi ya wazungu. Miaka ikaenda, treni za Shinyanga zikaacha kusimama pale, paa likaporomoka, mbuzi wakahamia ndani. Kiganja kikabaki, vidole vinne na gumba nusu, lile lililokatwa na chuma cha reli.

“Shikamoo mama,” alisema msimamizi. “Hapa tunaweka ghala la pamba. Sakafu lazima isawazishwe.”

Apolonia hakuitikia marahaba. “Huo ni mkono wa guku wangu.”

“Ni kishimo tu, mama. Historia tumeiweka pale.” Akaonyesha kibao kipya ukutani: Stesheni hii ilijengwa na Waingereza.

“Mwingereza gani alibeba jiwe hapa?” Apolonia akaonyesha saruji kwa kidole. “Mtu kazikwa na gumba nusu, wewe unaniambia kishimo!”

Fundi alisita, mwiko mkononi. Msimamizi akamwashiria aendelee.

Apolonia akavua kandambili, akapiga magoti ndani ya saruji, akaanza kuichota kwa mikono miwili na kuitupa relini.

“Mtoe huyo!” alifoka msimamizi.

Fundi akaweka mwiko chini. Akapiga magoti upande wa pili, naye akaanza kuchota.