Unga Mweupe Kwenye Uji

Kutoka kitini mwake sebuleni, Bibi alimwona mke wa mwanawe jikoni akitia unga mweupe kwenye uji, akiukoroga polepole mpaka chembe ya mwisho ikayeyuka, kisha akatazama nyuma kama mwizi.

Kumbe! Ndiyo maana mapaja yake Bibi yamesinyaa, hata hainuki bila kuvutwa mkono.

"Unaniwekea nini, mchawi wewe?" Tayari alikuwa jikoni, amelikamata kopo la ule unga.

"Maziwa ya unga, mama. Daktari kasema misuli yako inataka protini, na wewe nyama hutaki, mayai hutaki."

"Onja kwanza."

Mkwewe akapiga funda, akafuta mdomo. Halafu akakitazama kile kiti kitupu.

"Mama, nani amekuinua?"

"Usinigeuzie maneno. Lete huo uji."