Sigaa Laini ya Asubuhi

Mgeni alifika kabla kahawa haijapoa, akataja jina lake mlangoni: Zephaniah, wa Bomeni. Mzee Mwandawiro, aliyejulikana Voi nzima kwa ulimi wake wa kuonja tumbaku, alishusha kikombe polepole.

"Sikukutarajia," alisema.

Mgeni alifungua leso, akatoa sigaa moja nene. "Ni laini, mzee. Nimeambiwa inafaa na kahawa ya asubuhi. Ionje, kisha unipe neno lako. Bila neno lako sijui nitarudije nyumbani."

"Umetoka Bomeni kwa usafiri gani?"

"Treni mpaka stesheni. Kutoka hapo, miguu. Siku hizi siendeshi."

Wakesho, mke wa mzee, alileta kikombe cha pili. Hakumpa mgeni mkononi. Alikiweka chini, karibu na viatu vyake.

Mwandawiro aliwasha sigaa. Alivuta, akakunja uso kama mtu aliyetafuna mende.

"Inanuka godoro la mkojo."

Akanywa kahawa kidogo, akavuta tena. "Sasa ni beberu aliyenyeshewa. Nani alikudanganya kwamba ni laini?"

"Mwenye duka, mzee."

"Mwenye duka hana pua."

Mgeni hakucheka. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola.

Wakesho, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, alinusa ule moshi. "Inanukia vizuri, Baba Danson," alisema taratibu. "Usiisingizie sigaa."

Mzee angeweza kuizima, amfukuze mtu huyu, na hakuna jirani ambaye angemlaumu. Lakini alivuta, akakohoa, akavuta tena, mpaka moto ukakaribia vidole.

Kisha akainuka, akapiga funda kubwa la kahawa. Alikaa nalo mdomoni muda mrefu, macho yamemjaa maji. Mwishowe akalipuliza chini, miguuni pa mgeni, manyunyu membamba, kama wafanyavyo wazee wa Kidawida, Wataita, wanapotoa hasira moyoni.

"Watoto wako wakue," alimwambia dereva aliyemgonga mwanawe, Danson. "Siku yake ya mwisho alinishika mkono hospitalini, nikamwahidi kukusamehe."