Nyuma ya Lori la Magogo

"Bado," Jemima alisema.

Walter akarudisha mguu. Mbele yake hakukuwa na barabara, kulikuwa na makalio ya lori la magogo, yamejaa kioo chote. Kuliani ni nyasi na miti mikubwa iliyopandwa karibu kabisa na lami, na kwenye baadhi ya mashina kulikuwa na msalaba mweupe na mshumaa, pale mtu alipofanya haraka. Nyuma yao kigari cha buluu kilikuwa kimewaganda, kinawamulika taa waondoke.

Tatizo lilikuwa gari lenyewe. Lilitoka Birmingham, Uingereza, usukani uko kulia, na huku Poland watu huendesha upande wa kulia. Kwa hiyo Walter alikaa upande wa mtaro asione kitu, na mkewe akakaa huko katikati ya barabara ambako dereva ndiye anayestahili kukaa. Miaka kumi na mmoja ameendesha basi Soho Road bila mkwaruzo. Ndege hapandi, maana hapandi kitu asichokiendesha mwenyewe. Leo amefungwa mkanda kama mzigo, anangoja kuambiwa.

"Sasa je? Nipite?"

"Bado, Baba Kendi. Kawia ufike."

Ilikuwa saa nne na nusu. Saa sita kamili Leszek, dereva mwenzake wa zamu, anaoa katika kanisa la kijijini kwao, kilomita tisini mbele. Shahidi wa bwana harusi ni Walter, na pete ziko mfukoni mwake. Kanisa zima linamngoja yeye, naye anangoja magogo.

Leszek aliwaonya mapema. Barabara za kwetu ni nyembamba, alisema, na watu hawana subira, wanapita hata mlimani. Lakini lori la kiungwana hujisogeza ukingoni likupe nafasi, hata linalokuja mbele husogea, nawe ukishapita unawasha indiketa zote mbili mara moja, ndiyo asante yenyewe. Walter alicheka. Yeye wa kufundishwa kupita lori?

Sasa kijasho chembamba kilimtoka. Kilichomuuma zaidi ni kwamba maishani mwake hakuwahi kumuuliza Jemima neno lolote la barabara. Nyumbani Shard End alikuwa akimtania mbele ya wageni: mke wa dereva wa basi, miaka tisa mjini, na bado anasimamisha kila basi amuulize dereva linakwenda wapi, na namba imeandikwa usoni, kubwa kama sufuria. Kanisani kina mama walimwita mwenye maringo, eti huwapita ng'ambo ya barabara bila salamu. Akili yake iko mbinguni, Walter alizoea kusema. Na leo roho yake iko mikononi mwa akili hiyohiyo.

Lakini Jemima aliketi wima, viganja juu ya dashibodi, macho kayakaza, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu magari.

"Pita sasa."

Walter akavuta pumzi, akatoka. Mbele kulikuwa kweupe kabisa. Akarudi kulia, akawasha taa za asante, akacheka peke yake. Jemima naye alitabasamu, tabasamu ambalo Walter hakuwa ameliona kwa muda mrefu.

Lori la pili. Bado. Bado. Pita. Kweupe tena. Lilipofika la tano Walter hakuchungulia hata kidogo, alisikia neno akakanyaga mafuta.

La saba lilikuwa tangi la maziwa. Alikuwa ameshafika ubavuni mwake lori la saruji lilipotokea uso kwa uso, likipiga honi. Pa kukimbilia hapakuwapo. Walter alimwita Mungu kwa jina. Tangi likajisogeza ukingoni, la saruji nalo likajisogeza ukingoni kwake, nao wakapenya katikati kwa nafasi ya kiganja kila upande.

Walter akarudi kulia, akasahau hata taa za asante.

"Hukuliona lile?"

"Nilijua watasogea," Jemima akajibu. "Si Leszek alituambia?"

Walter akamtazama kwa pembeni. Mwanamke hata jasho hana. Kumbe miaka yote hii alikuwa anaishi na dereva ndani ya nyumba bila kujua. Akaona aibu, kisha akaona fahari.

Walifika saa sita kasoro dakika saba. Kwenye karamu Walter alisimama na kuwaambia wageni, Leszek akitafsiri, kwamba bila macho ya mke wake pete zingekuwa bado nyuma ya magogo. Watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Jemima akainama, akatazama sahani yake. Siku ya kurudi alimwongoza vilevile, lori baada ya lori, hadi barabara kuu.

Jumapili ya pili baada ya kufika nyumbani, walipotoka kanisani, Walter alisimamisha gari mtaani kwao Shard End, akashuka, akamwambia mkewe ahamie kiti cha kulia.

"Nilikukosea, Mama Kendi," alisema. "Macho kama yale kuyakalisha kiti cha abiria ni dhambi. Nitakufundisha mwenyewe."

Jemima akashika usukani kwa mikono miwili. Machozi yalimlengalenga.

"Usiogope. Mtihani wa hapa unaanza na jambo jepesi sana, hata ufunguo hujagusa. Unaonyeshwa gari lililosimama mbele, unasoma namba yake, basi. Haya, nisomee ya hilo jeupe la jirani yetu Jasbir, pale langoni kwake."

Jemima akaegemea mbele hadi kifua kikagusa usukani, akakaza macho.

"Gari gani?"