Mguu wa Kushoto wa Ndege

Ndege ndogo ilipita tena juu ya uwanja. Gurudumu la kulia lilikuwa limeshuka, lakini la kushoto lilikuwa bado limekwama tumboni.

"Fundi, mbona hawatui?" Mama Tunu aliuliza. Binti yake mgonjwa alikuwa ndani ya ndege ile, akiletwa hospitali kutoka kijijini kwa bibi yake.

Fundi Mbwiga aliifuata ndege kwa macho. Asubuhi alikuwa amejiandaa kusafisha miguu ya ndege na kuipaka grisi, lakini mama huyu alimlilia kwamba mtoto hawezi kungoja. Akamhurumia, akaiacha ndege iende kumchukua.

"Mguu umekwama, dada yangu. Ulihitaji grisi, nami sikuipaka."

"Si mimi niliyekuharakisha?"

"Wewe ni mama. Fundi ni mimi."

Mama Tunu aliukamata mkono wa fundi, mchafu vile vile, akaubana.

Ndege ikashuka, rubani akiwa ameilaza upande wa kulia. Gurudumu moja likagusa ardhi, vumbi likatimka, na bawa la kushoto likabaki limeinuliwa hewani huku wawili wale wakianza kukimbia kuielekea, mikono yao haijaachana.