Mikono ya Elinami

Miaka hiyo kila kitambaa cha kukandia kilikumbuka mikono ya mtu wa kwanza kukitumia: joto lake, uzito wake, hata mahali alipopenda kutulia. Mgonjwa akisema amepoa, kitambaa kilisahau yote na kurudishwa zahanati, apewe mwingine.

Cha Nakiete kilikumbuka mikono ya marehemu mumewe, Elinami. Tangu mazishi hakuthubutu kukigusa. Lakini Jumapili aliteleza kwenye ngazi za kanisa, kifundo cha mguu kikavimba. Siku mbili kitambaa kilimpa baridi tupu, maana jeraha lilikuwa bado bichi. Alivumilia, akiomba katika kila sala siku ya joto ifike.

Siku ya tatu joto lilikuja. Lilipanda polepole kutoka kisiginoni, likatulia chini ya goti, palepale Elinami alipozoea kutulia na kusema, "Pole, mama watoto."

"Nimeshapoa," Nakiete akajibu, kama alivyomjibu miaka arobaini alipomkanda kwa mikono mitupu.

Joto likakatika.

Simu ikaita. Alikuwa muuguzi wa zahanati. "Shikamoo, bibi! Hongera, kitambaa kimetuarifu umepoa. Mguu wako mtiifu kweli! Kesho nakuja kukichukua."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nilikuwa naitikia pole tu."

"Pole ya nani, bibi? Si unaishi peke yako?"

Nakiete akaweka simu chini. Alikikandamiza kitambaa mguuni kwa mikono miwili, akanong'ona kama anayesali, "Sijapoa, baba watoto. Sijapoa."

Kilikuwa cha baridi, wala si ile baridi ya kutibu.