Kibwana Ataka Kuimba Peke Yake

Mvua za vuli zilijaza dimbwi nyuma ya jiko la Bi Mkasi, na vyura wakaimba. Chura Kibwana, aliyejivunia sauti yake, akaona anafunikwa.

"Jamani, nyamazeni kidogo niimbe peke yangu."

"Haya, mwanangu, tufurahishe," akasema shangazi yake.

Kibwana akatunisha koo, akaimba vizuri kweli. Korongo, aliyekuwa akizunguka bila kujua amdonoe nani, akaifuata sauti ile moja kwa moja.

Shangazi alipoiona miguu mirefu inapita, akapaza sauti, na vyura wote wakaitikia. Korongo akageuka huku na huku, akachoka, akaruka zake.

"Shangazi, niingilie wapi?" akauliza Kibwana.

"Popote. Wewe imba tu."

Akaimba kwa furaha, na hata mwenyewe hakuitambua sauti yake.